Gemu la Mpira na Video ya Bi Batoul

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Vijana kutoka Moroni. Wazee wetu, mama zetu na vijana wenzetu: asalaam aleikum.

KARIBU MUTSAMUDU
Umeshuka Ouani kwa ndege, ukaja kwa gari, kisha vichochoro vyetu vikakulazimu kutembea. Ahsante sana. Tangu kisiwa chetu cha Nzwani kijitenge na visiwa vingine vya Komoro, hatukuwa tumepata mgeni kutoka upande wenu.

TULIKOTOKA
Chumba hiki tulikianza na kompyuta moja. Vijana hujifunza kuandika, kisha hucheza gemu. Video za harusi za mtaani nazo tunazihifadhi humo.

SWALI LAKO
Tulipoomba diski kubwa, uliuliza: "Mpira wa kwenye kioo unakulaje nafasi yote hiyo?" Ni haki yako. Magemu ya zamani yalimchora mchezaji kwa nukta chache. Ya leo yana sura ya kila mchezaji, jasho lake, nyasi, hata mshono wa jezi, na kila picha ni nzito. Zimo sauti za watangazaji kwa lugha nyingi, hata tusizozijua. Zimo filamu fupi. Tena picha zilezile hurudiwa mahali pengi ili kompyuta izisome haraka.

YALIYOTUPATA
Njia za bahari na anga zilipofungwa kwa ajili ya kujitenga huko, Bi Batoul alikuwa Moroni kwa matibabu. Alifariki huko, akazikwa Ikoni, jirani na Moroni. Bintiye Maanrifa, mwanachama wetu, hakuweza kuvuka.

Baadaye Nassim alileta gemu jipya, nafasi ikakosekana. Akasema, "Tufute harusi moja. Hii hapa ni ndefu."

Ilikuwa harusi ya Maanrifa. Maanrifa mwenyewe akaifungua. Mama yake alikuwa akipita katikati ya wageni, akicheka.

"Nassim, hapa tu ndipo ninapomwona mama akitembea," Maanrifa alisema.

Nassim akaitoa DVD ya gemu, akairudisha kwenye kasha lake.

TUNACHOOMBA
Tunaomba diski moja kubwa, tusilazimike kuchagua tena. Tunaomba vijana wa Moroni waje tushindane nao.

La mwisho Maanrifa alitukataza kulisema, lakini tunalisema. Ukirudi, kama kiti kipo ndegeni, mchukue akamsomee mama yake dua kaburini.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama, na njia uliyojia ibaki wazi kwa wote.

Ni sisi,
Vijana wa Chumba cha Kompyuta, Mutsamudu.
Msomaji: Asmahane.