Miche Minane Iliyobaki

Ndugu Katibu Tarafa, Ndugu Wenyeviti wa vijiji vyetu kumi na sita, Mwalimu Mkuu na walimu wako, wazee wangu, wageni waalikwa, na nyie watoto mliokaa juani bila kunung'unika: nawasalimu.

Mimi ni Enesi, mkulima wa kahawa. Nimeombwa nimuage Mwalimu Enoka Mbonile, anayestaafu leo baada ya kutufundisha hesabu hapa Mbozi, watoto asubuhi na sisi wazazi wao jioni. Nimeambiwa nisiseme sana. Nitajaribu.

Nani hapa hajaisikia namba ya Mwalimu? Laki tatu na sitini elfu, mia tatu na sitini. Andika mia tatu na sitini mara mbili mfululizo, umeipata. Igawe kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, kwa namba yoyote tangu moja hadi kumi na tano: haibaki hata punje. Na hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayoweza kufanya hivyo. Mwalimu aliisifia kama mtu anavyomsifia mkwe mpya.

Mwaka sabini na nne, wakati wa kuhamia vijijini, alipewa kusimamia kitalu cha miche ya kahawa. Vijiji leo vinaunganishwa, kesho vinatenganishwa. Tuliambiwa tu kwamba havitazidi kumi na tano. Mwalimu akaagiza vifuko 360,360 kamili, kila kimoja mche mmoja, mche ukifa upandwe mwingine, ili hata vikija vijiji vingapi, pasiwe na ugomvi. Jamani, akili hiyo!

Kisha tukafika sisi. Kijiji cha kumi na sita, watu tuliohamishwa kutoka upande wa Tunduma, wiki moja kabla ya mgao, hatuna hata mche mmoja. Mkutanoni Mzee Jonasi (usiiname, mzee, tulishakusamehe) akasimama: "Kwa kumi na tano kila kijiji kinapata 24,024, hesabu imekaa sawa. Hawa wasubiri kitalu kingine." Makofi yakapigwa. Mche wa kahawa huchukua miaka mitatu kuzaa. Tukisubiri kitalu kingine, je, watoto wetu wangekula nini? Nilikuwa na mtoto mgongoni, na nililia. Sioni aibu kusema.

Wote tukamgeukia Mwalimu. Aliikunja karatasi yake taratibu, akaitia mfukoni.

"Niliichagua namba hii ili watu wasigombane," akasema. "Kama sasa ndiyo inayowafukuza wenzetu, basi namba imekosea, si wao. Gaweni kwa kumi na sita."

"Lakini itabaki, Mwalimu!"

"Ibaki."

Kila kijiji kikapata miche 22,522. Vile kumi na tano vilipungukiwa miche elfu moja mia tano na miwili kila kimoja, na hakuna aliyekufa. Ikabaki minane isiyo na mwenyewe. Tukaiomba, tukaipanda mbele ya darasa letu la watu wazima.

Mwalimu, sogea hapa. Kikapu hiki ni kahawa ya ile minane, ya msimu huu, nimeikaanga kwa mkono wangu. Nawashukuru nyote kwa kunivumilia, na wewe nakushukuru kwa kukubali ibaki. Najua ukifika nyumbani utaanza kuwapimia majirani. Thubutu! Hii, Mwalimu, igawe kwa moja.