Mafuta ya Kwenda Hospitali

Probox ya abiria kutoka Migwani ilipokaribia mji wa Kitui, Kathini alikuwa ameshafunua paja la mwanawe mara tano. Baka lililomtoka hapo lilizidi kukua.

"Daktari alilipiga picha, ile akili bandia ya simu yake ikasema ni ukurutu," alimwambia jirani yake, Kitonga, mzee aliyepiga picha za pasipoti Matinyani miaka thelathini. "Nimepaka dawa wiki tatu. Leo anataka picha nyingine."

Kitonga akamtazama mtoto, aliyeng'aa mafuta mwili mzima. "Siku ile pia ulimpaka mafuta hivi?"

"Kwani wewe, mzee, ungepeleka mtoto hospitali akiwa mkavu? Watu waseme hana mama?"

Abiria wa mbele waliguna kumuunga mkono.

"Basi simu iliona mng'ao, haikuona ngozi. Mfute, mama."

"Daktari mwenyewe hakusema!"

"Daktari amesomea ngozi, hakusomea picha. Mimi nimewafuta nyuso hata machifu."

"Kama ina akili, si ingejua ni mafuta?" Kathini alijibu kwa ukali.

Gari likasimama langoni mwa hospitali. Kathini akashika ncha ya leso, akalifuta baka tu, polepole, kisha akateremka na mtoto aking'aa kwingine kote.