Mama Besi na Jumamosi za Sebuleni

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake wa mwisho, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu, Mama Besi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya sita, akaanza shule ya msingi mwaka 1964, na alipokuwa darasa la sita mwalimu wa kwaya alimtoa mstarini mbele ya wenzake, kwa kuwa sauti yake ilikuwa nzito, besi kama ya mwanamume, naye akarudi nyumbani akamwambia mama, "Basi nitaimba kwetu."

Mwaka 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha sare za shule, akapanda hadi kuwa msimamizi wa meza ya kukatia vitambaa, akastaafu mwaka 2012. Tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuja na gitaa lililobaki na nyuzi tano, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Tangu mwaka huo, kila Jumamosi saa tisa alasiri, meza ya chakula ilisukumwa koridoni ili tuimbe sebuleni, wakaja rafiki zake, muuguzi na kinanda chake kidogo, fundi bomba na ndoo yake ya kupiga, na jirani yeyote aliyesikia, na sharti lilikuwa moja, hatolewi mtu kwa kukosea, hata mimi, ambaye shemeji alisema naimba kama mlango uliokosa mafuta, nilipewa kiti. Shemeji alipofariki mwaka 2009, dada alikosa Jumamosi mbili, ya tatu akafungua mlango mwenyewe.

Tarehe 3 Februari 2021 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakampotea, asiweze kuomba hata maji. Nakiri mbele yenu kwamba Jumamosi ya wiki ya saba niliwazuia rafiki zake mlangoni, nikawaambia, "Mgonjwa anahitaji utulivu," naye akanisikia, akaja akiburuta mguu na kushika ukuta, akaanza kuisukuma meza kwa nyonga. Nikamsaidia kuisukuma, nikawafungulia rafiki zake. Muuguzi akabonyeza kinanda, na dada akaimba ubeti mzima, kila neno mahali pake. Tangu hapo akitaka maji aliyaimba, akitaka kunigombeza aliniimba pia, na baada ya mwaka na nusu akazungumza tena, kwa taabu, lakini akazungumza.

Mwaka 2024 moyo wake ulichoka, akalazwa tarehe 11 Juni, na neno lake la mwisho alimwambia fundi bomba, aliyekuwa akipiga mdundo kwa vidole ukingoni mwa kitanda, akiuharakisha, "Unakimbia." Alifariki tarehe 20 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wenzake wa kiwandani, na ninyi majirani, mliovumilia kelele zetu miaka arobaini na minne, mkagonga ukuta mara mbili tu.

Upumzike kwa amani, dada yangu. Besi hatuna tena, lakini kunyamaza hatunyamazi.