Pantelimon Ciobotea, Aliyewakataza Watu Kulisha Dubu

Marehemu Pantelimon Ciobotea alizaliwa tarehe 9 Novemba 1953 katika kijiji cha Poiana Corbului, milima ya Karpati, mtoto wa kwanza wa mzee Toader na bibi Anghelina. Alisoma shule ya hapa hapa kijijini hadi darasa la nane, akaenda jeshini, akarudi.

Mwaka 1979 aliajiriwa kulinda njia za wapanda mlima. Kwa miaka thelathini na nne alisema maneno yale yale: msilishe dubu, msimkimbie, tembeeni mkizungumza awasikie mapema. Watu waliitikia, kisha wakatupa biskuti ili wapige picha. Yeye kuimba hakujua, hivyo akipita vichakani alisimulia kwa sauti ugomvi wa nyumbani kwake. Mkewe Domnica, aliyefunga naye ndoa tarehe 17 Mei 1981, alilalamika kwamba hakuna dubu asiyejua siri za chumbani mwake.

Mama yake Anghelina alipofariki mwaka 2012, Saveta, dada mdogo wa Pantelimon, aliweka mikate ya sadaka juu ya kaburi kama walivyofanya wazee wetu. Pantelimon akaiondoa. Saveta akaweka mingine, kila Jumamosi. Dubu jike akazoea makaburini, kisha akaanza kuingia nyuani mwa watu, akamjeruhi mchungaji wa kondoo, akapigwa risasi. Pantelimon alilia mbele za watu.

"Umemuua kwa mkate," alimwambia dada yake.

"Na wewe umemnyima mama mkate. Basi na mimi usinisalimie."

Zaidi ya miaka kumi hawakusalimiana, na nyumba zao zinatazamana. Tulipatanisha mpaka tukachoka.

Januari mwaka huu wa 2024 mapafu yalimlemea. Hospitali ilipomrudisha nyumbani, Saveta alivuka barabara na bakuli la supu ya maharage. Pantelimon alimtazama, akasema, "Mdogo wangu, mimi nimechoka kusema. Sasa useme wewe."

"Kunywa kwanza," Saveta akamjibu, akamlisha kwa kijiko.

Alifariki tarehe 11 Aprili, alfajiri. Ameacha mjane, Domnica. Watoto wawili, Ruxandra na Costin. Wajukuu watatu, na dada yake.

Chakula cha matanga kitaliwa nyumbani. Aliyekuja na mkate asishangae: Saveta amesimama kwenye lango la makaburi tangu asubuhi, anaupokea na kuurudisha nyumbani. Asubuhi hii alianza na wa kwake mwenyewe, aliouoka kwa ajili ya kaka yake.

Pumzika, Pantelimon. Ulichoka kweli.