Mzigo Usiolazwa Chini

Habari ya mzigo niliambiwa kwanza na babu yangu Masele, kule Puge, mwaka 1961 baada ya mavuno, naye aliijua kwa mabega yake, maana ujanani alikuwa mpagazi wa misafara kutoka Tabora hadi pwani. Sogeeni, wanangu Ezekia na Josepha, na wewe mjukuu wangu Shukrani, msinikatize; pumzi niliyo nayo ni ya kusema mara moja.

Babu alisema mpagazi mwenye akili alifungia robota lake la nguo kwenye fito ndefu, ili akichoka aliegemeze kwenye mti likiwa wima. Aliyelilaza chini alihitaji mtu wa kumtwika tena, na msafara haukumngoja.

Dada yenu Julieth alipofariki akaniachia watatu, Shukrani wa miaka tisa na mapacha Kulwa na Doto waliokuwa bado wananyonya, nililala siku nne sili. Mzee wa kanisa akaja kuniambia nisilie, Mungu hakosei. Nikamuuliza, "Mzee, umewahi kulea mapacha? Basi nenda nyumbani." Siku ya tano jirani yetu Hafsa, Mwislamu, aliingia na uji, akanilazia mapacha huku na huku. Akasema, "Shoga, hawa hawajui kama kuna msiba. Amka."

Ndipo nikamkumbuka babu. Jumapili nilikwenda kanisani, Kulwa mgongoni na Doto kifuani, nikaegemea nguzo ya nyuma. Wakati wa kuimba mzee yule yule akaninong'oneza nisimame. "Nimesimama," nikamwambia. "Nimeegemea tu."

Hiyo ndiyo sala yangu tangu siku ile. Yesu aliwaita waliolemewa, hakuwaambia wajifanye hawajachoka. Naye msalaba ulimshinda, akabebewa na mtu aliyetoka shamba. Nilimgombeza Yesu kwa ajili ya Julieth, na sijafuta hata neno moja. Lakini nimemwegemea miaka tisa, na hajasogea.

Sasa, Ezekia, nimesikia mmepanga kuwagawa: Shukrani kwako, Kulwa kwa Josepha, Doto kwa shangazi yake Igunga, na nyumba hii ya hapa Cheyo ipangishwe. Nakataa. Nyumba ni ya hawa watatu na watakaa humu pamoja, na Josepha atahamia awe nao mpaka mapacha wamalize shule. Mkisema mtachoka, chokeni. Mimi nimechoka miaka tisa na wamekula kila siku. Egemeeni, lakini msiwatue.

Mnizike Puge, kando ya Julieth. Mungu awatie nguvu mabegani, awape... Hapana, Josepha, usinilaze. Weka mto ukutani. Hapo.

Babu Masele hayupo. Julieth hayupo. Mzee wa kanisa yupo, mpeni salamu zangu. Hafsa yupo. Kulwa na Doto wapo, nawasikia uani.

Na mimi... bado nipo.