Chungu Ndani ya Chungu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, nje ya duka la fundi saa, na umesikia uongo wa kutosha kuoza miguu kama ungekuwa na miguu. Kila asubuhi, jua likishapanda kidogo, Mvuke muuza kahawa hutua birika lake hapo na wenye benchi hujikusanya. Yupo Upara, kinyozi asiye na hata unywele mmoja wa kumtangazia kazi yake. Yupo Dalali, mtafuta vyumba, ambaye hakuna mlango mtaani asioujua bei. Na yupo Mshale, mwenye duka, fundi wa saa. Mvuke huwamiminia kikombe kimoja kimoja, isipokuwa Mshale. Yeye hupewa viwili: kimoja kahawa chungu, cha kwake, na kingine vijiko vitatu vya sukari, cha mkewe, aliyekuwa akishona kwenye cherehani mle mle dukani. Mkewe amefariki miezi minane sasa. Siku ya kwanza baada ya maziko, Mvuke alimimina viwili kwa mazoea, mkono ukaitangulia akili, na Mshale akavipokea vyote. Akaingia na cha pili dukani, akatoka nacho kitupu. Tangu hapo Mvuke hajapata moyo wa kumimina kimoja, na benchi zima limefunga midomo, jambo ambalo benchi lile halijawahi kulifanya kwa ajili ya mtu yeyote.

Asubuhi hiyo Mshale alitoka dukani amekumbatia chungu cha maua kama mtu aliyebeba mgonjwa. Ulikuwa mwasumini wa mkewe. Majani yalikuwa yameanza kuwa ya njano, na udongo ulikuwa unacheza kwa wadudu weusi.

— Jamani, nisaidieni. Hawa chungu wananimalizia mti.

Upara alichungulia.

— Chungu ndani ya chungu, mbele ya kahawa chungu! Mtu akitusikia kwa mbali atasema tumelewa asubuhi asubuhi.

— Usinitanie, kinyozi. Alioupanda kwa mkono wake ni huu tu. Huu ukifa, nimebaki na nini chake kinachoota?

Hapo Upara akaacha kucheka. Mvuke akainama kupanga vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangika.

— Maji ya sabuni, bwana, alisema Upara. Tumbukiza chungu kizima kwenye ndoo, kaa nacho saa nzima.

— Nilitumbukiza juzi. Walitoka wote, wakaelea, nikawamwaga mtaroni. Jana asubuhi wamo.

— Majivu?

— Nimemwaga majivu mpaka duka linafanana na jiko.

— Basi nywele. Njoo kwangu uchukue nywele za wateja, utandaze juu ya udongo. Chungu akiingia humo anadhani yuko msituni. Anapotea, anakonda, anakufa kwa mawazo.

— Wewe zako zilipotelea msitu gani? aliuliza Dalali.

— Zangu zilihama zenyewe, hazikufukuzwa.

Mshale hakutabasamu. Aliuweka mwasumini katikati ya benchi, akakaa pembeni yake.

— Kuna jambo jingine, alisema. Pale kwenye ngazi nina vyungu vitano vya maua. Havina hata mdudu mmoja. Wako kwenye huu tu, uliokaa karibu na cherehani. Na asubuhi nikifungua duka, nawakuta wamepanga mstari. Wanashuka chunguni, wanavuka sakafu, wanapanda kiti chake. Hawaendi kokote kwingine. Wanajaa pale pale alipokuwa akikaa.

Upepo haukuwepo, lakini Upara alijifunga kifungo cha juu cha shati.

— Mimi nitawaambieni, alisema Dalali, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Kazi yangu ni vyumba. Nimeona vyumba vitupu, nimeona na vinavyosemekana vitupu. Hivyo vya pili unavijua kwa chungu. Palipo patupu kweli, chungu hana la kufuata. Ukiwaona wanaingia na kutoka kila siku, mstari mmoja, njia moja, ujue humo kuna mtu bado anakula.

— Nyamaza, wewe! alisema Mvuke, na wote wakamgeukia, kwa sababu Mvuke hakuwa na desturi ya kupandisha sauti.

— Nimesema nini kibaya?

— Umesema mengi. Kunywa kahawa.

Mvuke alilisogeza kopo la sukari nyuma ya birika. Sukari ilikuwa yake. Benchi zima hunywa kahawa chungu. Kopo lile la sukari alilibeba kwa ajili ya kikombe kimoja tu. Alijua kwa muda mrefu kwamba Mshale huingia ndani na kuimwaga kahawa ile kwenye mwasumini. Angeimwaga wapi tena? Na sasa mti ulikuwa unakufa kwa vijiko vyake vitatu, naye hakuwa na ulimi wa kusema.

Alikuwa bado anautafuta huo ulimi alipofika mama mmoja mgeni, magoti ya gauni lake yamejaa udongo, ameshika saa ya mkono iliyosimama. Alisema anauza miche upande wa pili wa soko na anatafuta fundi. Kabla hajamaliza, jicho lake lilikuwa limeshaangukia kwenye chungu. Akachovya kidole kwenye udongo, akakinusa, akakisugua.

— Unanata huu, alisema. Udongo hauanzi kunata hivihivi. Nani anaumwagilia sukari?

Mama akaangalia benchi, akaona vikombe viwili mbele ya Mshale, kimoja kikiwa na kijiko.

— Fundi, hicho ndicho unachokimwaga?

— Simwagi kitu, mama. Hicho cha mke wangu. Nampelekea, naweka juu ya cherehani, nageuka kushika saa moja mbili. Nikigeuka tena kiko kitupu.

Mama akawatazama wengine. Upara akamfanyia ishara ndogo ya kichwa, ile ya kusema mke hayupo duniani. Mama akaelewa, na sauti yake ikawa laini.

— Kaka yangu, pole sana. Lakini sikiliza. Udongo mtamu hautaacha kuita chungu, hata uoshe mara mia. Badilisha udongo, suuza mizizi, na sukari ikome leo. Ukiendelea, mwezi haufiki.

— Siwezi kumnyima, mama.

— Basi chagua.

Mshale akanyanyuka na kile kikombe cha pili, kimejaa mpaka mdomoni, akatembea polepole asimwage.

— Ngoja nimuulize, alisema, akaingia dukani.

Wakabaki wanne na mwasumini. Ndani zilisikika saa zikigonga kila moja kwa wakati wake, halafu kiti kikaburutwa. Mvuke alimwona chungu mmoja akishuka kwenye ukingo wa chungu, halafu wa pili, halafu mstari mzima, ukapita kwenye ubao katikati ya watu, ukashuka kwenye tofali kuelekea mlangoni. Hakuna aliyeukanyaga.

Mshale akatoka. Uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu maziko. Alimkabidhi Mvuke kikombe, kimekauka kama kilichopanguswa kwa kitambaa.

— Kuanzia kesho, vyote viwili chungu, alisema. Kakubali. Kasema afadhali akose sukari kuliko mti wake ufe.

Akaubeba mwasumini, akaenda nao bombani nyuma ya duka kuusuuza mizizi.

Mama wa miche alikitazama kile kikombe, akautazama ubao mtupu pale chungu kilipokuwa.

— Nilidhani anaumwagia mti, alisema. Sasa mti ulikuwa hapa na sisi. Ile kahawa kaimwaga wapi?

Upara aliangalia viatu vyake. Dalali, anayejua kila mlango wa mtaa ule, aliuangalia mlango wa fundi saa kama anayeuona kwa mara ya kwanza.

— Jamani, nimiminieni basi na mimi, alisema mama.

— Imekwisha, alisema Mvuke, akalinyanyua birika kwa mikono miwili, maana lilikuwa bado zito.