Marehemu Adelard Polikarpo, Mpiga Picha wa Malango

Marehemu Adelard Polikarpo alizaliwa Matombo, Morogoro, tarehe 14 Agosti 1909, mtoto wa nne wa Mzee Polikarpo na Mama Eufrazia. Siku hiyo mie, dada yake Tekla, nilitumwa maji, nikavunja mtungi kwa furaha. Alisoma shule ya misheni hapo hapo tangu 1919 hadi 1924. Mwandiko wake uliupita wa mwalimu, na asiyeamini aniulize.

Mwaka 1927 alikuja Dar es Salaam, akajifunza kazi kwa mpiga picha Mgoa huko mjini. Mwaka 1934 alinunua kamera yake ya sanduku, yenye miguu mitatu, akaifunga kwenye baiskeli. Alizunguka Msasani, Kinondoni na Temeke akipiga picha malango ya nakshi ya nyumba za watu. Wenye nyumba walipenda. Wapangaji walipenda zaidi, maana waliomba kusimama mbele ya lango la tajiri, kisha picha ikaenda kwao bara.

Naye pia alifanya hivyo. Alipomposa Bi Jovina wa Kilosa, alipeleka kwao picha amesimama mbele ya lango la Bwana Sultan wa Msasani, lile la maua na misumari ya shaba. Mie mwenyewe niliiona. Walifunga ndoa Kilosa tarehe 22 Oktoba 1938. Walipofika Temeke, bibi harusi alikitazama chumba kimoja chenye mlango wa bati, akauliza, “Lile lango liko wapi?”

Marehemu hakudanganya mara ya pili. Kesho yake alimpeleka Msasani, akasema, “Ndilo hili. Si letu.”

Bi Nunu, mke wa Bwana Sultan, aliyezoea kuona watu wakipigwa picha langoni pake, alisikia akafungua. “Wanangu, hodi hupigwa kwa mdomo, si kwa picha. Haya, piteni mnywe kahawa.”

Waliporudi mlangoni kwao, Jovina akasema, “Adelard, ungeniambia ni bati, ningekuja na rangi.” Akampa sharti moja: picha zake zisimdanganye tena mzazi wa mtu.

Tangu hapo kila picha aliiandika nyuma: lango ni la fulani, aliyesimama ni fulani. Karani mmoja alilalamika, “Bwana Adelard, utaniumbua! Baba mkwe wangu anajua kusoma!”

“Ndiyo maana nimeandika,” akajibu.

Mwaka 1949 walijenga nyumba yao hapa Temeke. Lango alilichonga mwenyewe tangu 1954, kila Jumapili baada ya misa, ua moja moja, miaka mitatu. Machi mwaka huu kifua kikamlaza kabla hajalitundika. Mwezi Julai jirani yetu, fundi Mwinjuma, akalitundika. Marehemu akatoka polepole, akasimama mbele ya lango, na Jovina akapiga picha. Imekwenda upande, na kofia imekatwa. Aliipenda kuliko zake zote.

Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Septemba 1957. Ameacha mjane, Bi Jovina. Watoto watatu, Benedicta, Leodegar na Wilbert. Nami dada yake. Bi Nunu yupo nasi hapa.

Leo jeneza limepita katika lango hilo, mbawa zote mbili zikiwa wazi. Picha ile imelazwa kifuani pake. Nyuma ya picha Jovina ameandika: “Lango ni la aliyesimama.”

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Huko uendako, piga hodi kwa mdomo.